Mayai kumi na mawili ya Mwakirunge

Kesi hii ilinifikia ikiwa imechelewa. Katikati ya Novemba 2022 nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Mwakirunge, upande wa Kisauni, anayetunza kobe wa msituni kwa kibali. Hakuwa na mgonjwa wa kutibiwa. Alitaka nifike nithibitishe kwamba mayai kumi na mawili yaliyokuwa kwenye mashine yake ya kuangulia yameharibika, ayafukie, roho itulie. "Mwaka wa tatu huu, daktari," akaniambia. "Wanataga, tunangoja, mwisho tunafukia. Labda hawa si wa kuzaa kifungoni."

Naiandika kesi nzima pamoja na makosa yake, likiwemo langu, kwa sababu naamini kuna maboma mengine Pwani yenye kobe kama hawa na mashine kama ile, ambako mayai yanafukiwa yakiwa hai.

Mimi ni daktari wa mifugo. Siku zangu ni za mbuzi, ng'ombe wa maziwa, kuku wa mayai na paka. Kobe niliwahi kuwatibu, lakini wachache, na wengi walikuwa wameumwa na mbwa au kukanyagwa na gari. Uzalishaji wao sikuwahi kuufuatilia mwanzo hadi mwisho kabla ya kesi hii.

Kwenye boma kulikuwa na kobe saba, madume matatu na majike manne. Waliingia mmoja mmoja kati ya 2016 na 2018, wengi wao wakiwa wameokotwa barabarani huko Kwale na watu wenye huruma wasiojua pa kuwapeleka. Mkubwa wao alikuwa na urefu wa sentimita 19. Ukimtazama juu juu utadhani ni kobe wa kawaida, mpaka umguse nyuma. Theluthi ya mwisho ya gamba lake ina mstari laini unaokunjika kama bawaba ya sanduku. Akiogopa huvuta kichwa ndani, kisha huishusha ile sehemu ya nyuma taratibu mpaka miguu na mkia vifichike kabisa. Ukiweka kidole pale anapofunga, utaumia.

Kitaalamu anaitwa Kinixys zombensis, jina linalotokana na Zomba, Malawi. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa kitu kimoja na kobe wa savana aitwaye Kinixys belliana, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulipowatenganisha. Makao yake ni misitu na vichaka vya pwani ya mashariki ya Afrika, kuanzia kwetu Kenya, kupitia Tanzania na Msumbiji, mpaka Afrika Kusini. Biashara ya kimataifa ya kobe wa nchi kavu inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Mzee alikuwa nacho, na daftari lake lilikuwa safi kuliko la wafugaji wengi ninaowatembelea. Daftari hilo ndilo lililotuokoa baadaye.

Misimu miwili ya kwanza

Katika kila mwaka wa ile mitatu majike walitaga baada ya masika, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Mwaka 2020 yalipatikana mayai tisa. Kijana wa boma aliyachimbua, akayaosha, akayapanga kwenye inkubeta ya kuku ambayo mzee alikuwa nayo tangu zamani. Mashine iliachwa ilivyo, kwenye joto la kuku, nyuzi 37 na nusu. Hakuna la kuchunguza hapo. Yalipikwa.

Mwaka 2021 mzee aliuliza, akaambiwa apunguze joto, akalishusha hadi nyuzi 30. Mayai kumi na moja. Lakini mashine ile ina kigeuzio, vile vijitreya vinavyoinama huku na huku kila baada ya saa chache, na hakuna aliyekizima. Kwa yai la kuku kugeuzwa ni lazima, kwa sababu kuku mwenyewe hugeuza mayai yake kwa mdomo kutwa kucha, na yasipogeuzwa kifaranga hugandana na ganda. Yai la kobe halina mzazi wa kuligeuza. Likishatagwa na kufukiwa hubaki vivyo hivyo, na muda mfupi baadaye kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, hupanda juu na kujishikiza kwenye utando chini ya ganda. Ligeuze baada ya hapo na unakizamisha kiinitete chini ya uzito wa yai lenyewe. Mashine iliyotengenezwa kuokoa vifaranga iliua kumi na mmoja kwa kufanya kazi yake vizuri kabisa.

Mwaka 2022, kwa hiyo, mzee alikuwa amesharekebisha makosa mawili makubwa. Joto lilikuwa nyuzi 30, kigeuzio kimezimwa. Mayai yalitolewa mchangani siku ileile ya kutagwa. Bado hakukuwa na kitu, na ilikuwa siku ya 129 kwa mayai yaliyotagwa tarehe 9 Julai.

Jioni ya Novemba

Tuliingia stoo ya nyuma, chumba cha mawe ya matumbawe kisicho na dirisha, ili tuyamulike. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kuzalisha mbuzi Bamburi, na nilikuwa nimeshaamua kichwani kabla ya kufika kwamba miezi minne inatosha. Nikachagua yai lililoonekana baya kuliko yote kwa nje. Mengine yalikuwa na rangi moja ya maziwa yaliyochuja. Hili lilikuwa na mkanda mweupe kama limepakwa chokaa, umelizunguka zaidi ya nusu, na sehemu iliyobaki ilikuwa na wekundu hafifu. Nikauchukulia ule mkanda kuwa dalili ya kuoza. Nikalikata kwa mkasi upande wa juu.

Hakukuwa na harufu. Chini ya utando kulikuwa na mishipa ya damu iliyotandazwa kama mizizi ya mkoko maji yanapotoka, na katikati yake kitu kisichofika ukucha wa kidole cha mwisho, chenye doa la jicho. Pembeni ya doa kulikuwa na nukta nyekundu iliyokuwa ikipiga.

Kijana wa boma ndiye aliyesema kwanza. "Daktari, linaenda hilo."

Ilipiga kwa dakika kadhaa. Hakuna kinachoweza kufanywa na yai la kobe lililofunguliwa katika hatua ile. Mzee alisimama mlangoni, akatoa kofia yake, hakusema neno. Nami sikuwa na la kumwambia, kwa sababu kitu nilichokiona kuwa uozo ndicho kilichokuwa alama ya uhai. Ganda la yai la kobe linapoanza kuwa jeupe kama chokaa kuanzia juu, maana yake utando umejishika na kiinitete kinakua. Sisi watu wa kuku tumezoea kutafuta mishipa kwa taa na hatulitazami ganda. Nilikuwa na tochi mkononi na sikuiwasha kwanza.

Tukayamulika kumi na moja yaliyobaki kwa tochi ya simu, bila kuyainua wala kuyazungusha, simu ikilazwa ubavuni mwa yai. Manne yalikuwa ya kijivu na yananuka. Matatu yalipitisha mwanga mtupu wa njano, hayakuwa na mbegu. Manne yalikuwa na mishipa.

Swali likawa jingine kabisa. Kiinitete nilichokiona kilikuwa cha umri wa wiki chache, na daftari lilisema siku 129. Siku mia moja zilikwenda wapi?

Yai linalongoja

Jibu liko kwenye maumbile ya jamii nzima ya kobe. Yai likiwa bado tumboni mwa mama, ukuaji husimama kwa kukosa hewa ya kutosha, na kwa kawaida huanza tena baada ya kutagwa. Kwa baadhi ya aina hauanzi hata hapo. Yai hukaa limelala mpaka lipitiwe na kipindi cha baridi, ndipo joto linalofuata liliamshe. Kobe mwenye madoa ya chui, yule tunayemwona Tsavo, mayai yake hukaa ardhini miezi minane na zaidi kwa sababu hiyo. Na hata mtoto akishakamilika anaweza kubaki ndani ya ganda akingoja ardhi ilainike kwa mvua. Kwa msitu wa pwani yetu hesabu inakubali: yai linatagwa masika yanapoisha, linapita kipupwe cha Julai na Agosti, linakua kwenye joto la kaskazi, mtoto anatoka masika mengine yanapoleta uyoga na konokono. Atoke Desemba, atakula nini?

Inkubeta yenye nyuzi 30 mchana na usiku, kutoka Julai hadi Novemba, haina kipupwe. Mayai yalikuwa yakingoja baridi ambayo sisi wenyewe tulikuwa tukilipia umeme ili isiingie. Ndivyo ninavyoisoma kesi hii. Kile kiinitete kilikuwa kimechelewa kuanza, na kiliniangukia mimi.

Hili halikunijia siku ileile. Lilinijia wiki iliyofuata, nilipopita Kwale kwa kazi nyingine na kukaa na mzee mmoja wa Kidigo anayeishi karibu na kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza habari za kobe wanaojifunga nyuma. Akacheka kwa kuwatambua.

"Mwanangu, huyo ni wa mvua. Sisi tukiwa wadogo, mvua ya kwanza ikipiga unamkuta njiani yeye na watoto wake, wadogo kama shilingi ya zamani. Kiangazi humuoni hata ukimtafuta. Amejifukia."

"Na siku hizi, mzee?"

"Siku hizi hata hiyo mvua ya kwanza inapita simuoni. Ndani ya kaya bado wapo, kwa sababu kule hakukatwi mti wala hakuokotwi kuni ovyo. Ukitoka nje tu ni shamba na mkaa."

Misitu kadhaa ya makaya ya Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na wanaoitembelea mara nyingi huvutiwa na miti yake mikubwa. Mimi tangu siku ile ninapofika kwenye kaya hutazama chini, kwenye majani yaliyooza, kwa maana ndiko anakoishi mnyama huyu.

Boma lilikuwa bustani

Niliporudi Mwakirunge nikalitazama boma upya. Lilikuwa zuri mno. Nyasi fupi, limefagiwa, jua limejaa, beseni la maji la saruji katikati. Mzee alijifunza kutunza kobe kwa kuwatazama wale wakubwa wa Haller Park, hifadhi ya wanyama ya Bamburi, na hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa mtu wa Mombasa. Ukitaja kobe hapa, watu humkumbuka Mzee, yule kobe wa Aldabra aliyefuatwa kama mama na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Lakini kobe wa Aldabra, kwao Shelisheli, ni mla nyasi, mzito kama pikipiki na zaidi. Boma lile lingemfaa yeye. Kobe wa msituni si mtoto wake. Jua la wazi humkausha, na chakula chake kikuu si nyasi. Anakula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, minyoo na jongoo.

Jongoo! Pale pale Haller Park ndiko walikofanya kazi ambayo kila mpenda msitu wa Pwani anapaswa kuifahamu. René Haller alipoanza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya mawe yaliyokuwa makavu kama sakafu, majani ya mivinje yalirundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa jongoo wenye miguu myekundu wakayasaga kuwa udongo. Mzee wa Mwakirunge aliwatazama kobe. Ningemshauri mtu yeyote akienda kule awatazame na jongoo pia, maana wao ndio waliotengeneza ardhi.

Kobe wa Mwakirunge walikuwa wakilishwa kabichi, sukuma wiki na nyanya. Walikuwa hai, lakini maganda ya mayai yao yalikuwa membamba, mawili yalikuwa na ufa, na yale matatu yasiyo na mbegu yalitoka kwa majike waliokuwa wakisumbuliwa mno. Dume mmoja alikuwa akiwagonga wenzake na majike kwa ukingo wa mbele wa gamba tangu asubuhi, na jike aliyegongwa hivyo hali, anajificha tu. Tulimtenga kwa ukuta wa mawe ambao hauoni upande wa pili. Kobe akimwona mwenzake kupitia waya haachi kugombana naye.

Kuhusu minyoo niseme kwa sauti. Kwenye rafu ya stoo ile kulikuwa na chupa ya ivomektini iliyobaki kwa mbuzi, na kijana alikuwa amepanga kuwapa kobe "kidogo tu" kwa kuwa kinyesi kilikuwa na minyoo. Ivomektini, inayomwokoa mbuzi, humpooza kobe na kumuua. Hakuna kipimo chake kidogo kilicho salama kwa kobe. Iandikeni ukutani mnapohifadhi dawa. Tulipima kinyesi, tukatumia fenbendazoli kwa uzito wa kila mmoja kwenye mizani ya jikoni, tukapima tena.

Mabadiliko mengine hayakugharimu kitu. Mzee aliacha kufagia. Tulileta magunia ya majani makavu ya mwembe na mkorosho, tukayamwaga kina cha mkono chini ya mwembe na kuyanyunyizia maji kila jioni. Tukaezeka nusu ya boma kwa makuti. Kabichi ikaisha, yakaja mapapai yaliyoiva sana, maembe yaliyoanguka, uyoga wa chaza, konokono na minyoo ya ardhini. Kwa madini ya chokaa tulitumia mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni bure, ukakwaruzwa juu ya chakula na mwingine ukaachwa ardhini. Majike waliutafuna kwa sauti ya mtu anayekula kashata. Ndani ya wiki sita boma lilikuwa na jongoo wake wenyewe, na ukitaka kuwaona kobe ilibidi ungoje saa kumi na mbili asubuhi au ujio wa manyunyu.

Mayai manne

Yale manne tuliyatoa kwenye inkubeta. Kila moja lilipigwa alama ya penseli juu, mahali palipokuwa juu, ili lisije likageuka. Tuliyalaza ndani ya sanduku la kuhifadhia samaki, juu ya vumbi la makumbi ya nazi lililoloweshwa na kukamuliwa mpaka lisitoe tone, tukaliweka kwenye stoo ileile ya matumbawe. Kuta zile nene zilifanya kazi ambayo mashine haikuweza. Kipimajoto kilisoma nyuzi 25 alfajiri na 29 alasiri mwezi wa Desemba, kikapanda taratibu hadi 31 kaskazi ilipokomaa. Kupanda na kushuka huku kuna faida nyingine: kwa kobe wengi joto la yai ndilo linaloamua dume au jike, joto kubwa likitoa majike, kwa hiyo anayezalisha kwa kiwango kimoja cha mashine anaweza kujikuta baada ya miaka kumi ana jinsia moja tupu.

Moja lilikoma Januari, mishipa ikafifia. Yaliyobaki yakawa meusi ndani, mwanga haupiti, dalili ya mtoto aliyejaza ganda. Machi nzima hayakufanya lolote. Mzee alinipigia kila Ijumaa baada ya sala.

Mwanzoni mwa Aprili 2023 mvua ilipoanza, tulikinga maji ya paani na kulowesha yale makumbi kwa maji baridi ya mvua. Tarehe 11, siku ya 276, ganda moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu ncha nyeupe ya jino la yai. Alikaa vile siku mbili, pua tu nje, akinyonya kiini kilichobaki. Asimvute mtu. Wa pili alitoboa tarehe 14. Wa tatu alifia ndani akiwa kamili, na nadhani vumbi lilikauka upande wake wiki moja tulipoteleza.

Gramu 19 na gramu 21. Kingo za gamba zimechongoka kama msumeno wa mtoto, na nyuma hakuna bawaba. Huzaliwa bila hiyo, hutokea wakikua. Mzee alimbeba wa kwanza kwenye kiganja, akamtazama muda mrefu, akasema, "Babu yenu alikuwa anawafukia."

Tarehe 19 kijana wa boma alikuta watatu. Huyo wa tatu hakutoka sandukuni. Alikuwa chini ya majani ya mwembe, ana udongo mgongoni, wa ukubwa uleule. Jike mmoja alikuwa ametaga Julai mahali ambapo hakuna aliyemwona, na yai lile halikuchimbuliwa, halikumulikwa, halikuwekwa penye umeme.

Mvua ya Novemba

Baada ya hapo ilikuwa rahisi kusema mayai yote yaachwe ardhini. Nililisema mimi mwenyewe, na lilitugharimu. Mwaka 2023 yalipatikana mayai 14, yenye maganda magumu, bila ufa hata mmoja. Saba tuliyaacha yalipotagwa, saba yakaingia sandukuni mwezi wa Julai moja kwa moja ili yapate kipupwe chao. Novemba ikaja na El Niño. Kila mtu wa Mombasa anazikumbuka mvua zile na maji yaliyoingia majumbani. Boma liko bondeni, maji yalisimama chini ya mwembe siku tatu. Tulipochimba, mayai yote saba yalikuwa yamekufa, mengine yamejaa maji. Msituni jike ana mteremko mzima wa kuchagua pa kutaga. Sisi tulimpa bonde na kusema tumemwachia asili ifanye kazi.

Ya sandukuni yalitoa watoto watano kati ya Machi na Aprili 2024.

Sasa boma lina tuta, kimo cha goti, la mchanga, makumbi na majani, chini ya mwembe lakini juu ya njia ya maji. Sehemu ya mayai hubaki humo na sehemu huingia stoo. Mtu asiniulize njia ipi ni bora, zote mbili zinahitajika, kwa kuwa mwaka wa mafuriko na mwaka wa ukame haviui mayai ya mahali pamoja.

Watoto wanane, mmoja amekufa kwa kichomi. Saba wapo. Wageni huuliza lini watapelekwa Shimba Hills wakaachiliwe, na swali hilo linatoka moyoni, lakini jibu langu kwa sasa ni hapana. Wazazi wao waliokotwa barabarani, haijulikani kila mmoja alitoka kichaka gani. Wamekaa miaka mingi pamoja katika boma moja, na kobe hubeba vijidudu vya mapafu bila kuonyesha dalili yoyote mpaka awaambukize wengine. Kumwachilia mmoja ndani ya kaya ambako bado wapo wa asili ni kuwahatarisha wale kwa ajili ya picha yetu nzuri. Uamuzi huo ni wa mamlaka zenye dhamana, baada ya vipimo, si wa daktari mmoja na mzee mmoja. Kwa sasa kazi ya boma ni kuhakikisha kwamba anayeokota kobe mwingine Kwale anaambiwa amvushe barabara upande aliokuwa anaelekea, amwache hapo hapo.

Mara ya mwisho nilipofika ilikuwa Julai 2024, mvua imekatika siku mbili. Jike mkubwa alikuwa juu ya tuta, miguu ya nyuma ikichimba kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, udongo ukimwagika pembeni. Ilimchukua zaidi ya saa. Alitaga manne, akafukia, akapiga udongo kwa tumbo lake, akashuka. Mzee aliyafunua mawili ya juu kwa vidole, akapiga alama ya penseli yakiwa palepale, akaandika tarehe kwenye daftari. Kijana akauliza, "Babu, haya lini?"

Mzee akarudisha udongo juu yake.

"Mvua ikirudi," akasema.